Hasira, Ushari na Utani: Funzo la Saikolojia Kutoka Pwani ya Bagamoyo

Katika misiba ya Wazaramo na majirani zao, kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, mtani wa marehemu ana ruhusa ambayo hana mtu mwingine yeyote. Wafiwa wakilia, yeye huweza kumcheka marehemu, kumwita mlafi na mwenye madeni, kuigiza mwendo wake, na hata kuzuia shughuli isiendelee mpaka apewe fedha kidogo. Hakuna anayemkunjia ngumi. Anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu, na huenda akatozwa faini. Lakini katika barabara za pwani hiyo hiyo, kijana aliyepigiwa kelele za "mwizi!" huweza kuzingirwa na umati na kupigwa mpaka afe, tena na watu ambao hakuwaibia kitu na ambao hawajui hata jina lake. Magazeti ya kesho yake huandika kwamba ameuawa na "wananchi wenye hasira kali".

Matendo haya mawili hutendwa na watu wa jamii moja, wenye damu na akili zile zile. Ni kwa nini basi tusi zito mbele ya maiti halizai pigo, ilhali kelele ya neno moja barabarani huzaa mauti? Saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, imetoa maelezo makuu matatu juu ya asili ya ushari. Makala haya yanayapima maelezo hayo kwa mizani ya mambo yaliyotukia Bagamoyo na kwingineko nchini Tanzania, kwani jibu analolikubali mzazi, mwalimu au kiongozi ndilo linaloamua atachukua hatua gani.

Kwanza hapana budi kutenganisha maneno mawili. Hasira ni hisia iliyomo moyoni. Ushari ni tendo linalokusudiwa kumdhuru mwingine. Mtu huweza kukasirika siku nzima asimguse mtu. Kadhalika, mtu huweza kumdhuru mwenzake bila hasira yoyote, kama afanyavyo jambazi anayempiga mpita njia ili achukue mkoba wake. Kwa hiyo kusema kwamba umati ulikuwa na hasira kali si kueleza kwa nini uliua.

Je, ushari ni mvuke unaotafuta tundu?

Maelezo ya kwanza husema kwamba ushari ni silika. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, alipendekeza mwaka 1920, baada ya maangamizi ya Vita Kuu ya Kwanza, kwamba ndani ya kila kiumbe mna silika ya mauti, nayo ikielekezwa nje huwa uharibifu. Konrad Lorenz, mtaalamu wa mienendo ya wanyama kutoka Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba nguvu ya ushari hujikusanya ndani ya mnyama na ndani ya binadamu hata pasipo uchokozi. Kwa maoni yake nguvu hiyo lazima itoke, na michezo ya mashindano ni njia mojawapo ya kuitoa bila madhara.

Mfano wa fikra hii ni sufuria iliyofunikwa motoni: mvuke usipopewa tundu, utarusha kifuniko. Ni mfano unaoeleweka upesi, na labda ndiyo maana umeenea sana katika mazungumzo ya kila siku.

Tanzania yenyewe imetoa ushahidi ambao mara nyingi hutumiwa kuunga mkono wazo la silika. Huko Gombe, mkoani Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960, sokwe wa kundi la Kasakela waliwashambulia wenzao wa Kahama, ambao hapo awali walikuwa kundi moja nao. Kati ya mwaka 1974 na 1978 madume wa Kahama waliuawa au walitoweka, mmoja baada ya mwingine. Habari hizo ziliwashtua wengi waliodhani kwamba ni binadamu peke yake anayewaua wenziwe kwa makundi.

Hata hivyo, ukiyatazama mashambulizi ya Gombe kwa makini, hayafanani na mvuke unaofumka. Kwa kawaida washambuliaji walikuwa kadhaa dhidi ya mmoja, nao walimshambulia aliyekuwa peke yake au aliyezidiwa. Mnyama aliyesukumwa na nguvu isiyozuilika asingechagua nafasi. Sokwe wale walikuwa na uwezo wa kuua, lakini waliutumia pale hali iliporuhusu. Mwezi Mei 1986 wanasayansi 20 waliokutana Seville, Hispania, walitoa tamko kwamba si sahihi kisayansi kusema kuwa vita au ukatili mwingine umepangwa katika maumbile ya binadamu. Hawakukana kwamba mwili na ubongo vinahusika. Walilokana ni kwamba mwili na ubongo vinatoa amri isiyopingika.

Wazo la mvuke lina udhaifu mwingine, nao unaweza kupimwa. Kama ni kweli kwamba hasira hupungua kwa kutolewa nje, basi mtu aliyeudhiwa akipiga kitu kisicho na uhai atatulia. Mwaka 2002 Brad Bushman wa Marekani alichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Kila mmoja aliandika insha, kisha akarudishiwa ikiwa imeandikwa maneno ya kumdhalilisha. Baadhi yao waliupiga kwa ngumi mfuko wa mazoezi ya mabondia huku wakimfikiria aliyewadhalilisha. Wengine waliupiga mfuko huo wakifikiria afya ya miili yao, na wengine walikaa kimya tu. Baadaye wote walipewa nafasi ya kumwadhibu mkosoaji kwa kelele kali. Waliopiga mfuko wakimfikiria adui ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote, na adhabu zao zilikuwa kali zaidi. Waliokaa kimya ndio waliokuwa wapole zaidi. Ni dhahiri basi kwamba kuutoa ushari si kuumaliza. Huenda ni kuuzoesha.

Dhiki na njia iliyofungwa

Maelezo ya pili yalitoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1939. John Dollard na wenzake wanne walidai kwamba ushari huzaliwa mtu anapozuiwa kulifikia lengo lake. Mkulima ambaye mazao yake yameliwa na mifugo, kijana aliyetafuta kazi akakosa, msafiri aliyeachwa na basi, wote wamefungiwa njia, na kwa hiyo wako karibu zaidi na ugomvi. Hapo awali wataalamu hao walisema kwamba dhiki ya namna hiyo daima huleta ushari, lakini baada ya muda mfupi walirekebisha kauli yao: dhiki huweza kuleta mambo mengi, na ushari ni mojawapo tu.

Historia ya Bagamoyo inaonyesha kweli iliyomo katika nadharia hiyo, na pia mipaka yake. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki usimamizi wa pwani ya bara. Agosti mwaka huo maofisa wa kampuni waliingia katika miji ya pwani, wakapandisha bendera yao na kushika forodha. Watu wa hali mbalimbali, kuanzia majumbe na wenye misafara hadi watu wa kawaida, waliona riziki na heshima yao vikiondoka mikononi mwao. Mwezi Septemba manowari ya Kijerumani iitwayo Leipzig iliteremsha askari wake Bagamoyo kupambana na wapiganaji. Vita vilienea kutoka Pangani, alikoanzia Abushiri bin Salim, na Saadani kwa Bwana Heri, hadi kusini ya pwani.

Je, hiyo ilikuwa hasira ya watu waliofungiwa njia? Bila shaka hasira ilikuwako. Lakini wapiganaji hawakupiga kila kilichokuwa mbele yao. Mwezi Januari 1889 waliishambulia misheni ya Wabenediktini huko Pugu, ambayo ilikuwa ya Wajerumani. Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao kutoka Ufaransa, iliachwa salama, na wakimbizi wengi wakapata hifadhi ndani ya uwanja wake. Vita vilivyojua kuchagua namna hiyo vilikuwa na shabaha, viongozi na mashauriano. Anayeviita mlipuko wa ghadhabu anawavua watu hao akili na sababu zao.

Upande wa pili wa vita hivyo unafundisha jambo jingine. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na utawala uliofuata ulileta adhabu ya kiboko ambayo wazee waliikumbuka kwa jina la "hamsa ishirini", yaani viboko 25. Adhabu hiyo ilihesabiwa kwa sauti, ikasimamiwa na ofisa na kuandikwa katika madaftari ya serikali. Aliyeshika kiboko hakuhitaji kumkasirikia aliyelazwa chini. Nadharia ya dhiki haina la kusema juu ya ushari wa aina hiyo, unaotendwa kwa utulivu kama kazi nyingine yoyote ya ofisi.

Ushari unaofunzwa

Hapo ndipo yanapoingia maelezo ya tatu. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto 72 wa shule ya chekechea. Baadhi ya watoto hao walimtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa mpira kwa ngumi na kwa nyundo ya mbao, huku akitamka maneno ya ukali. Wengine walimtazama mtu mzima aliyecheza kwa upole, na wengine hawakuonyeshwa mtu yeyote. Baadaye watoto waliachwa chumbani na wanasesere. Waliomwona mtu mzima mkali waliiga mapigo yake, na hata maneno yake. Katika jaribio jingine la mwaka 1965 Bandura alionyesha kwamba watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa walimwiga kidogo. Hata hivyo, walipoahidiwa zawadi, wao pia walionyesha kwamba walikuwa wamejifunza mapigo yote. Somo lilikuwa limeingia. Lililobaki ni kungoja nafasi.

Jambo hili linaugusa moja kwa moja msemo unaopendwa na wazazi wengi, "Samaki mkunje angali mbichi." Kwa muda mrefu msemo huo umetumiwa kuhalalisha fimbo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24 walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania. Asilimia 95 kati yao walikuwa wamewahi kupata adhabu ya viboko au mapigo ya namna nyingine kutoka kwa wazazi au walezi, na asilimia 82 walikuwa wamepigwa kwa fimbo, mkanda au kitu kingine. Waliopigwa zaidi ndio walioonyesha ushari zaidi na moyo mdogo zaidi wa kuwasaidia wenzao.

Ni kweli kwamba uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kipi kilitangulia, kwani mtoto mtundu huenda akapigwa zaidi kwa sababu ya utundu wake. Lakini ukiunganishwa na majaribio ya Bandura, unaipa nguvu hoja ifuatayo. Mtoto anayepigwa kwa kosa lake hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba alilotenda ni baya, na kwamba mwenye haki huruhusiwa kupiga. Somo la kwanza husahaulika upesi. La pili atalikumbuka siku atakapomkuta "mwizi" amelala chini na watu wamemzunguka.

Makundi mawili na kamba moja

Ushari wa mtu mmoja kwa mwenzake si sawa na ushari wa kundi kwa kundi. Mwaka 1954 Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, aliwapeleka wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi katika kambi huko Oklahoma, akawagawa makundi mawili yasiyojuana. Mashindano ya kugombea zawadi yalipoanza, matusi yalifuata, kisha kuchoma bendera na kuvamia mabweni. Kuwakutanisha wakati wa chakula hakukusaidia, maana walitupiana vyakula. Uadui ulipungua pale tu walipopewa kazi ambazo kundi moja peke yake lisingeziweza, kama kutafuta hitilafu katika mfereji wa maji na kulivuta kwa kamba lori lililogoma kuwaka.

Kuna jambo ambalo mara nyingi husahaulika katika habari hizo. Mwaka mmoja kabla yake, Sherif alijaribu jambo kama hilo katika jimbo la New York, lakini safari hiyo wavulana waliishi pamoja kwanza ndipo wakagawanywa. Watafiti walijitahidi kuchochea uadui, wasifaulu. Urafiki ulikuwa umetangulia, na wavulana wakawashuku watafiti wenyewe.

Siri ya utani

Sasa inawezekana kurudi kwa mtani na maneno yake makali msibani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alikusanya habari za utani kutoka sehemu nyingi za Tanganyika na kuzichapisha mwaka 1941 na 1944. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia wa Kiingereza A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameeleza kwamba uhusiano wa namna hiyo huchanganya urafiki na uadui kwa makusudi. Masimulizi ya makabila mengi husema kwamba utani ulianza baada ya vita, kama ule wa Wangoni na baadhi ya jirani zao. Mwingine ulikua katika njia za misafara.

Bagamoyo ilikuwa kikomo cha njia kuu mojawapo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,200 kutoka Ujiji. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 maelfu kwa maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, waliteremka pwani na pembe za ndovu, na katika misafara hiyo walikuwamo pia watu walioletwa wakiwa watumwa. Wapagazi walipiga kambi kwa majuma, wageni wenye silaha, njaa na uchovu, katika nchi ya watu wengine. Kwa hesabu ya nadharia ya dhiki, palikuwa na sababu tele za kumwaga damu, na kwa hakika mapigano yalitokea. Hata hivyo, ulikua pia utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, nao umedumu hata baada ya misafara kwisha.

Kwa mtazamo wa kwanza, utani huonekana kuthibitisha wazo la mvuke: watani wanatukanana, basi chuki inatoka. Lakini kama kutukanana kungetosha kumaliza chuki, matusi ya sokoni yangeleta amani. Kilichomo katika utani zaidi ya tusi ni wajibu. Mtani aliyemcheka marehemu ndiye anayeingia kaburini kumlaza. Mgeni aliyefia mbali na ndugu zake alimtegemea mtani amzike. Msafiri mwenye njaa aliweza kuchukua chakula cha mtani bila kuitwa mwizi. Kazi hizo ni kama ile kamba ya lori kule Oklahoma: zinawafanya watu wahitajiane. Aidha, utani una kanuni. Mtoto huziona tangu akiwa mdogo, akijifunza nani hutaniwa, wakati gani, na kwamba anayekunja uso ameshindwa. Kwa njia ile ile ambayo Bandura aliwaona watoto wakijifunza kupiga, mtoto wa pwani huweza kujifunza kutukanwa asipige.

Umati unaomzunguka "mwizi" hauna hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna anayemjua, hakuna anayewajibika kumzika, na hakuna kanuni inayosema mapigo yaishie wapi. Wengi wa wapigaji hawakudhulumiwa na mtu huyo, na kwa hiyo dhiki haielezi mkono wao. Wanaiga alichofanya wa kwanza, wakiamini kwamba katika kundi kubwa hakuna atakayeulizwa. Jina la "wananchi wenye hasira kali" linawapa udhuru wasiostahili, kwa kuwa linaufanya uamuzi wa watu uonekane kama dhoruba.

Utani wenyewe unaweza kupotea ikiwa utabaki maneno matupu. Mashabiki wa Yanga, klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi, na siku nyingi kejeli zao huishia kwenye kicheko. Lakini anayemtania mtu asiyemjua, na asiye na wajibu wowote kwake, hana kinga ila subira ya yule anayetaniwa.

Kutokana na hayo yote, ushauri wa saikolojia kwa jamii ni tofauti na ule wa sufuria na mvuke. Ushari haupungui kwa kupewa tundu. Hupungua watu wanapofundishwa njia nyingine na kuzizoea, na wanapofungamanishwa na kazi inayowahitaji wote. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko 4 katika shule za Tanzania. Zaidi ya hapo, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Mabula Nkuba na wenzake, uliofanyika katika shule za sekondari za umma nchini, ulionyesha kwamba walimu waliofunzwa njia nyingine za kusimamia nidhamu walipunguza ukatili kwa wanafunzi wao. Mafunzo hayo yalikuwa ya siku chache tu. Wazee wa pwani husema "hasira, hasara", na msemo huo ni wa kweli. Lakini mtu hazaliwi akiwa ameshaamua kuigeuza hasira yake kuwa pigo. Uamuzi huo hujifunza kwa watu wanaomlea, na kwao pia huweza kujifunza kuuacha.